Kisanduku Kilichoandikwa "Amestaafu"

Mliniomba, ninyi mnaobaki kazini, niwaachie maandishi kuhusu miaka yangu ofisini. Nimeuandika mwanzo wa waraka huu mara kadhaa na kuufuta, kwa kuwa kila mwanzo ulionekana kuahidi zaidi ya kile ninachokijua. Nimeona nianze na mambo mawili ambayo nina hakika nayo: kiti cha karibu na dirisha kina baridi tangu Oktoba hadi Aprili, na mashine yetu ya kunakili huikataa karatasi yoyote iliyowahi kukunjwa. Yanayofuata yana mashaka ya kiasi.

Sitaandika habari za vyeo, maana ofisi yenye wafanyakazi wanne haina ngazi za kutosha mtu kupanda. Habari za mishahara sitaziandika kwa sababu hiyohiyo.

Nilifika humo mara ya kwanza nikiwa mteja. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uzamili ya demografia katika chuo kikuu kimoja cha hapa Minnesota na kuanza masomo ya udaktari, ndipo ufadhili wangu ukasitishwa katikati ya muhula. Barua iliyonijulisha ilikuwa fupi na yenye adabu. Niliisoma mara nyingi nikitafuta mahali nilipokosea. Usomi ulikuwa umenizoesha kuamini kwamba kila tokeo lina sababu inayoweza kupimwa, na tokeo hili halikunipa sababu yoyote. Kwa miezi kadhaa sikuweza kuandika hata anwani yangu bila kuihakiki mara tatu. Niliingia katika ofisi ile ya Saint Paul kuuliza swali moja tu, kama bado nilikuwa na haki ya kuwapo nchini.

Aliyenipokea alikuwa Mama Beatrisi, mwanasheria kutoka Bukavu, ambaye ndiye aliyekuwa akiiongoza ofisi. Alizisoma karatasi zangu pole pole, akaniambia kwamba muda wa kurekebisha hadhi yangu ya ukaazi ulikuwapo bado, akanieleza la kufanya. Kisha akaitazama ile barua, na mteja mmoja mzee aliyekuwa akingoja pembeni.

"Mwanangu, hii barua umeisoma mpaka imechakaa. Bon. Huyu baba hapa anaongea Kiswahili cha kwenu Tanzania, mimi nasikia nusu tu. Njoo utusaidie na dosie yake."

Dosie kwake ilikuwa ni jalada la mteja. Nikavuta kiti. Sikujua kwamba nilikuwa nimeanza kazi, na nadhani yeye alijua.

Kazi yenyewe mnaifahamu, lakini waraka huu huenda ukasomwa na mgeni, kwa hiyo naieleza. Mtu anayeishi hapa akitaka kumleta mke, mume au mzazi, hujaza fomu ya kiapo cha udhamini. Anaapa kwamba kipato chake kinatosha kumtunza huyo anayekuja, na anaambatisha ushahidi. Sisi huwasaidia kujaza. Wateja wetu wengi ni watu wa Afrika Mashariki wanaofanya kazi katika hospitali na nyumba za kutunzia wazee. Huja wakiwa bado na sare za zamu ya usiku, karatasi zao zikiwa ndani ya mifuko ya plastiki ya kuhifadhia nyama kwenye friza, ili theluji isizifikie. Niliwahi kuishangaa mifuko hiyo. Sasa vyeti vyangu vyote vimo ndani yake.

Mama Beatrisi alikuwa na utaratibu mmoja asioukubalia mjadala. Kabla mteja hajatia sahihi, tulimsomea fomu nzima kwa sauti, kisanduku kwa kisanduku, kwa lugha anayootea ndoto. Nilimwuliza kama haikutosha mteja kusoma mwenyewe.

"Akisoma mwenyewe, anaona ile yenye alitaka kuona. Akisikia, anashtuka. Na wewe, andika ile yenye anasema, hapana ile yenye unawaza."

"Na kama asemalo si sahihi, Mama?"

"Basi muulize tena. Hauna mdomo?"

Utaratibu huo hula muda. Uliwahi kunifanya mtafsiri wa familia moja kwa familia hiyohiyo: bibi mmoja wa Apple Valley alikuja na mjukuu wake wa kike ili amsaidie, bibi akauliza kwa Kiswahili, mjukuu aliyeelewa kila neno akajibu kwa Kiingereza, nami nikaketi katikati nikiwarudishia maneno yao. Bibi alinishukuru. Mjukuu aliniuliza, kwa Kiingereza, kama kazi hii ina malipo.

Mama Beatrisi alipostaafu na kwenda kuishi na binti yake, nilirithi kiti chake na utaratibu wake. Kati ya yote niliyojifunza, ningependa mshike vizuri zaidi suala la wadhamini waliostaafu, maana idadi yao inaongezeka na makosa yao yanafanana.

Kosa la kwanza ni kunakili mshahara wa mwaka uliopita wa mtu ambaye mwaka huu hana mshahara. Fomu inauliza kipato cha sasa, na miaka iliyopita ina nafasi yake pembeni. Kosa la pili ni kutegemea muhtasari wa kodi peke yake. Sehemu ya mafao ya uzeeni yanayolipwa na serikali mara nyingi haitozwi kodi, kwa hiyo muhtasari unaweza kumwonyesha mtu akiwa maskini kuliko alivyo. Ambatisheni barua ya mafao ya mwaka huo, taarifa ya pensheni ya mwajiri kama ipo, na taarifa za benki zinazoonyesha fedha zikiingia kila mwezi. Kisha andikeni maelezo mafupi, nusu ukurasa, kwa nini tarakimu hizi hazilingani na zile za kodi. Maelezo yangu ya kwanza ya aina hiyo yalifika kurasa tatu na yalikuwa na tanbihi. Msinifuate katika hilo. Kosa la tatu ni la kibinadamu: mzee huona haya kusema kwamba amestaafu. Nilidhani naijua haya hiyo mpaka alipokuja Mzee Wafula.

Mzee Wafula alikuwa Mkenya, mtu wa Kimilili, raia wa hapa kwa miaka mingi. Alikuwa amefanya kazi katika nyumba ya wazee kule Inver Grove Heights, akiwaogesha, akiwanyanyua na kuwalisha. Alitaka kumleta mkewe, Mama Nekesa, ambaye alikuwa amebaki nyumbani kulea watoto hadi wote wakaondoka. Fomu alikuwa ameijaza mwenyewe na kuituma. Ubalozi ukajibu kwamba kipato alichokionyesha hakifiki kiwango kinachotakiwa, alete ushahidi zaidi. Asipofanya hivyo, mkewe asingepewa visa. Alikuja akiwa na sare ya kazi, shati la mikono mirefu ndani yake ingawa lilikuwa joto la Julai.

"Dada Foibe, mimi nimepata suluhu," alisema kabla hajaketi. "Kuna ndugu wa kanisa, anakaa Eden Prairie, ako na kazi ya maana. Atasaini na mimi."

Nikamwambia kwamba hilo linawezekana, lakini hata akipata mdhamini mwenza, yeye mwenyewe bado ataapa kuhusu kipato chake. Nikaanza kumsomea. Nilipofika kwenye hali ya ajira, alijibu haraka kwamba ameajiriwa. Nilipofika kwenye kipato, akataja malipo ya zamu chache alizokuwa akizichukua kila mwezi. Niliyatazama malipo hayo, nikafikiria kodi za nyumba za Apple Valley, alikokuwa akiishi.

"Mzee Wafula, kwa zamu hizi, nyumba unailipiaje?"

"Nyumba inalipwa na pensheni."

"Pensheni gani?"

"Si ni ile ya serikali, ya kila mwezi. Na ile ingine ndogo ya kule kazini. Lakini hiyo usiandike."

"Kwa nini nisiiandike?"

"Wewe andika kazi, dadangu. Kazi inatosha."

Haikutosha, na ndiyo sababu tulikuwa pale. Nilidhani nimekwisha kuuelewa ugonjwa. Wengi wa watu wetu huichukulia pensheni kama msaada wa serikali, na wamesikia kwamba anayepokea msaada hatakiwi kudhamini. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba pensheni ni haki aliyoichangia kwa miaka yake ya kazi, kwamba ni kipato halali kabisa, na kwamba kwa hesabu yangu ya haraka ingemvusha bila mdhamini mwenza yeyote. Alinisikiliza kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kukaa na wagonjwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Asante. Umeeleza vizuri. Lakini shida yangu si serikali. Shida ni mama."

Akanieleza. Yeye na mkewe walikuwa wamekubaliana tangu zamani: akistaafu, anarudi. Ndivyo watu wao walivyofanya daima. Mtu huenda kazini, na kazi ikiisha huenda kwake. Nyumba ilikuwa imekwisha kujengwa. Sasa ilikuwa imepita miaka miwili tangu astaafu, na mkewe aliamini kwamba bado anafanya kazi.

"Nakala ya fomu yeye ndiye ataibeba kwenda kwa interview, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Basi ataisoma. Alikuwa karani wa mahakama, huyo. Anasoma hata karatasi ya ndani ya dawa. Akiona 'amestaafu', atauliza kwa nini sijarudi. Atakataa kuja. Ataniambia mimi ndiye nirudi."

"Na kwa nini hujarudi, Mzee?"

Alikipandisha kikono cha kushoto cha shati. Mkono ulikuwa na mshipa uliofura kama kamba chini ya ngozi, mahali sindano zilipokuwa zikiingia. Figo zake zilikuwa zimechoka. Alikuwa akienda kliniki kusafishwa damu, siku tatu za kila juma.

"Nyumbani mashine iko mbali na kwangu. Na bima yangu ya uzeeni inalipa huku tu, haivuki maji. Nikirudi, narudi kuzikwa. Daktari hata hizi zamu amesema niache."

"Mama anajua nini?"

"Anajua niko na presha."

Mlizoea kusema kwamba nafikiri kupita kiasi, nami sikatai. Juma lile nilifikiri hadi nikawachosha. Alikuwa bado anachukua zamu, kwa hiyo neno "ameajiriwa" halikuwa uongo kamili, na uongo usio kamili ndio unaonisumbua zaidi. Lakini zamu hizo zilikuwa zinakoma kwa amri ya daktari, na mtu hawezi kuapa kwa kipato kinachokwisha huku akikificha kile kitakachobaki. Tena, tukiandika ukweli bila Mama Nekesa kuambiwa, kwenye usaili afisa angemwuliza mumewe anafanya kazi gani. Angejibu kwa moyo mweupe kabisa, na jibu lake lingepingana na karatasi. Nilimweleza Mzee Wafula haya yote kwenye simu. Nilimwambia pia kwamba siri yake haitatoka mdomoni mwangu, na kwamba kisanduku kile sitakijaza vingine. Akasema amesikia. Akakata simu, nami nikabaki nikijiuliza kama nimempoteza mteja au nimempoteza mke wa mtu.

Alirudi baada ya siku chache. Safari hii hakuvaa sare. Aliweka simu yake juu ya meza yangu kama mtu anayeweka kitu kinachoweza kuuma.

"Nataka umsomee."

"Nimsomee nani?"

"Mama. Vile unanisomea mimi. Ukisoma wewe, itakuwa ni ofisi imesema."

"Nitamsomea, Mzee. Lakini nikifika kwenye kisanduku hicho nitanyamaza, na utasema wewe."

Alinitazama kama nimemnyang'anya mwavuli kwenye mvua. Kisha akabonyeza namba. Kwetu ilikuwa asubuhi, kwao jua lilikuwa linakaribia kuzama. Sauti ya Mama Nekesa ilikuwa nyembamba na ya haraka, na ilikuwa na hakika nayo yenyewe. Nilijitambulisha. Nilimsomea jina la mdhamini, anwani, uraia, idadi ya watu wa kaya. Alisahihisha tahajia ya jina la baba yake. Nikafika kwenye hali ya ajira, nikanyamaza.

Mzee Wafula alitazama dari.

"Mbona mmenyamaza?" Mama Nekesa akauliza. "Network imepotea?"

"Haijapotea," alisema mumewe. "Mama Nekesa, mimi nime-retire."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Mwezi gani?"

"Wa sita."

"Aha. Mimi nilisema wa saba."

"Ulisema kwa nani?"

"Kwa Nekesa. Miaka yote mtu ananipigia simu akipiga miayo, halafu ghafla anapiga mchana, anatafuna. Nikamwambia Nekesa, huyu baba yako ama amestaafu ama ameoa."

"Mimi sijaoa!"

"Najua hujaoa. Ungekuwa umeoa, ungenisumbua na makaratasi ya nini?"

Niliinamisha kichwa juu ya fomu ili nisionekane ninacheka. Lakini Mama Nekesa alikuwa hajamaliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Sasa kama umestaafu, nyumba si iko hapa? Mimi nimengoja unitajie tarehe. Unangoja nini huko, Baba Nekesa?"

Akamwambia. Alimwambia vibaya, akianzia mwisho, mashine kwanza, kisha daktari, kisha figo, kisha presha iliyoleta yote. Alimwambia kuhusu bima. Alipomaliza, upande wa pili alisikika mtu fulani mbali akiita ng'ombe kwa jina.

"Wafula," mkewe alisema. Baadaye Mzee aliniambia kwamba hakuwa amemwita hivyo tangu mtoto wa kwanza azaliwe. "Kwa hiyo mashine unaenda na nani?"

"Peke yangu."

"Na ukitoka?"

"Na-drive. Saa zingine napumzika kwa gari kwanza, kizunguzungu kikiisha naenda."

Mzee Wafula alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia.

"Dada wa ofisi, bado uko hapo?"

"Nipo, Mama."

"Andika amestaafu. Na hiyo pensheni andika yote, usiache hata senti."

"Na nyumba?" Mzee aliuliza, kwa sauti ya chini. "Ile nyumba yetu?"

"Nyumba haiumwi figo."

Nikakijaza kisanduku. Tukaambatisha barua ya mafao, taarifa ya pensheni ndogo ya kazini na taarifa za benki. Nikaandika maelezo ya nusu ukurasa bila tanbihi hata moja. Zamu hatukuziingiza katika kipato cha sasa, kwa kuwa aliandika barua ya kuziacha siku ileile, palepale mezani kwangu. Ndugu wa Eden Prairie aliambiwa asante, hatahitajika. Nasikia alifarijika kupita alivyopaswa.

Usaili ulichukua miezi kufika, na katika miezi hiyo nilizipitia nakala zile mara nyingi kuliko zilivyohitaji. Yaliyotokea nilisimuliwa na Mama Nekesa mwenyewe. Afisa alimwuliza mumewe anafanya kazi gani. "Nikamwambia amestaafu. Akaniuliza, sasa atakutunza na nini? Nikamwambia, fungua ukurasa unaofuata, imeandikwa. Akafungua, akasoma, akaniuliza kama mimi ni mwanasheria." Alipata visa. Juma alilofika, alikwenda na mumewe kliniki, akaketi karibu na mashine hadi ilipozimwa. Kisha akajifunza njia, akajifunza gari, na mimi niliyekataa kuendesha kwenye barafu kwa miaka yangu yote hapa nilimwona akiingia katika maegesho yetu mwezi wa Februari, Mzee akiwa ameketi upande wa abiria, mdomo ameufunga kama kufuli.

Nimepokea mengi katika ofisi hii. Niliingia nikiwa mtu aliyetikiswa, nisiyeamini tena kwamba uangalifu wangu una matumizi yoyote, na watu wakanikabidhi wake zao, mama zao na majina yao kwa sababu ya uangalifu huohuo. Mama Beatrisi alinipa kiti. Wateja walinipa njia zao za kusema mambo magumu, ambazo hazimo katika kitabu chochote nilichokisoma chuoni. Ninyi mlinivumilia nikihakiki kwa mara ya tatu jambo ambalo nilikuwa nimelihakiki mara mbili. Nawashukuru bila masharti, na ninyi mnajua jinsi ilivyo nadra kwangu kusema jambo lolote bila masharti.

Siku ya kuniaga mliona Mama Nekesa akiingia na sufuria la kuku, lakini nadhani hamkusikia tulichozungumza, kwa kuwa mlikuwa mnagombania mapaja. Aliniketisha pembeni.

"Na wewe dada, sasa umestaafu. Unarudi nyumbani, ama unabaki?"

Nikaanza kumweleza. Nilikuwa na sababu za kubaki, nazo zilikuwa nzuri: bima, watoto wangu walio hapa, magoti yangu. Nilikuwa na sababu za kurudi pia, na nilikuwa nimezipanga. Alinisikiliza hadi sababu ya pili, akainua kiganja.

"Sijauliza sababu. Nauliza, kule nyumbani anayekungoja ni nani?"

"Dada yangu mkubwa. Yuko Moshi."

"Umeshamwambia?"

Nilikuwa nimemwambia kwamba tutazungumza. Nilikuwa nimemwambia hivyo tangu mwaka uliopita. Mama Nekesa alinichukulia sahani yangu mkononi ili mikono yangu iwe mitupu, na nikatoka kwenda ukumbini, ambako ni kimya, nikampigia dada yangu.